Kusoma Ukuaji wa Seli T Hatua kwa Hatua: Mwongozo Kamili wa Kulinganisha Vipokezi vya Juu ya Seli na Jeni Zilizowashwa

Mafundi wengi wa maabara jijini Dar es Salaam wameijua saitomita (mashine inayopima seli moja moja kwa mwanga wa rangi zilizobandikwa juu yake) kupitia kazi moja, nayo ni kuhesabu seli za CD4, yaani seli T za kinga zenye protini ya CD4 juu ya utando wake, kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Wanajua kwamba mtu mzima mwenye afya huwa na seli hizo takribani 500 hadi 1,500 katika kila maikrolita ya damu, na kwamba zikishuka chini ya 200 magonjwa nyemelezi hupata mwanya. Kazi hiyo hutazama seli zilizokwisha kukomaa. Mwongozo huu unarudi nyuma hadi mahali seli hizo zinapolelewa, yaani tezi ya thaimasi, na unaeleza jinsi ya kutambua kila rika la seli T changa kwa vipokezi vilivyo juu ya utando wake, kisha kupima jeni zilizowashwa katika rika hilohilo. Umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa uzamili au mtaalamu wa maabara ambaye ameshika pipeti kwa muda, lakini hajawahi kuunganisha vipimo hivi viwili katika sampuli moja.

Msingi wa kazi yote ni kwamba kipokezi na RNA (nakala ya jeni iliyowashwa) ni mashahidi wawili wa seli moja ambao hawasemi juu ya wakati mmoja. RNA hueleza kile ambacho seli inaandaa. Kipokezi hueleza kile ambacho tayari kimefika juu ya utando, na huenda kiliandaliwa saa nyingi au siku kadhaa zilizopita. Mwenye duka Kariakoo anaweza kuwa ameagiza mzigo ambao bado uko bandarini, na rafu zake zinaweza kuwa zimejaa bidhaa za oda ya zamani ilhali hakuna oda mpya. Mtafiti anayesoma oda peke yake au rafu peke yake ataikosea hali ya duka.

Ramani ya safari kabla ya kushika sampuli

Ni lazima ramani ya ukuaji iwe kichwani kabla ya kuagiza kingamwili hata moja, kwa sababu uchaguzi wa vipokezi unategemea swali linaloulizwa. Seli mama za damu hukaa katika uboho wa mifupa. Baadhi ya seli zinazotokana nazo husafiri kwa damu na kuingia thaimasi zikiwa bado hazijafungwa na ukoo mmoja. Zinaweza kuwa seli T, lakini pia zinaweza kuwa seli za NK (wauaji asilia) au za ukoo wa mieloidi. Kwa binadamu, seli hizi za mwanzo huonyesha CD34 bila CD1a. Ndani ya thaimasi hukutana na ligandi (molekuli inayoshika kipokezi) iitwayo DLL4 iliyo juu ya seli za epitheliamu, nayo huamsha kipokezi NOTCH1. Kipokezi hicho kikiamshwa hukatwa, na kipande chake cha ndani huingia katika kiini cha seli na kuwasha jeni. Hapa kipokezi chenyewe hugeuka kuwa kiongozi wa jeni, na kwa maoni yangu hakuna mfano bora zaidi wa kumfundishia mwanafunzi kwa nini mada hizi mbili hazitenganishwi.

Baada ya ishara hiyo huwaka TCF7 na GATA3, kisha BCL11B, ambayo hufunga njia za ukoo mwingine. CD1a huonekana pamoja na CD34, na hiyo huchukuliwa kuwa alama kwamba seli imeingia katika ukoo wa T. Kisha CD34 hupungua, na CD4 hutokea peke yake bila CD8 wala CD3. Hapa tahadhari inahitajika kwa wale waliojifunza kwa vitabu vya panya: kwa panya, seli ya rika hili huonyesha CD8 kwanza, na hatua za awali hugawanywa kwa CD44 na CD25. Mgawanyo huo usihamishiwe kwa binadamu.

Wakati huohuo, protini za RAG1 na RAG2 hukata na kuunganisha upya vipande vya DNA ili kutengeneza mnyororo wa beta wa kipokezi cha seli T. Kwamba jeni za kinga hupangwa upya ndani ya mwili kulionyeshwa na Susumu Tonegawa mwaka 1976 katika seli B, na RAG1 ilitambuliwa mwaka 1989. Mnyororo wa beta ukikamilika huungana na mnyororo wa muda unaotokana na jeni ya PTCRA. Seli ikipata ishara kupitia muungano huo, hugawanyika mara kadhaa, RAG hufifia, na CD4 na CD8 huonekana pamoja. Seli hizi za chanya-mbili ndizo wengi wa thaimasi ya mtoto, takribani nne katika kila tano. Ndani yake RAG huwaka kwa mara ya pili ili kupanga mnyororo wa alfa.

Kisha huja usaili. Seli ambayo kipokezi chake hakiitambui HLA ya mwili wake (protini zinazoionyesha seli T vipande vya protini nyingine) hufa bila kelele, na hao ndio wengi. Inayofaulu huongeza CD3, huonyesha CD69 na CCR7, na kuhamia sehemu ya ndani ya tezi, ambako jeni ya AIRE huwezesha seli za epitheliamu kuonyesha protini za viungo vingine vya mwili. Seli inayoshambulia protini hizo kwa nguvu huuawa au hugeuzwa kuwa seli T ya udhibiti yenye FOXP3. Ukoo wa CD4 huongozwa na ZBTB7B, na ukoo wa CD8 huongozwa na RUNX3. Seli iliyokomaa huwasha KLF2, ambayo huwasha S1PR1, kipokezi kinachoiwezesha kutoka na kuingia katika damu.

Hatua ya kwanza: kibali, na kumjua mtoto aliyetoa tishu

Chanzo cha kawaida cha thaimasi ya binadamu duniani kote ni upasuaji wa moyo kwa watoto, kwa sababu daktari anapofungua kifua hulazimika mara nyingi kuondoa sehemu ya tezi ili aufikie moyo. Jijini Dar es Salaam upasuaji wa aina hiyo hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyo katika eneo la Muhimbili. Tishu ambayo ingetupwa bado ni ya mtoto na wazazi wake, kwa hiyo ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi huombwa kabla ya upasuaji, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na mtu asiye mpasuaji wa mtoto huyo, ili mzazi asidhani kwamba akikataa matibabu yataathirika. Utafiti wenyewe unahitaji kibali cha kamati ya maadili ya chuo pamoja na cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Anza maombi haya mapema. Huenda yakachukua muda mrefu kuliko kazi yote ya maabara.

Fomu ya sampuli isiishie kwenye umri na jinsia. Andika hali ya lishe, kwa sababu utapiamlo hunyausha thaimasi. Andika kama mtoto alipewa dawa za jamii ya steroidi kabla ya upasuaji, kwa kuwa seli za chanya-mbili hufa kwa wingi zikikutana na dawa hizo, na mtafiti asiyejua hilo atadhani ameona jambo jipya. Zaidi ya yote, uliza kama mtoto ana dalili za ugonjwa wa Down au upungufu wa kipande cha kromosomu ya 22 kinachojulikana kama 22q11. Hali zote mbili huambatana na kasoro za moyo, na zote mbili hugusa thaimasi: jeni ya AIRE iko katika kromosomu ya 21, na upungufu wa 22q11 unaweza kuifanya tezi iwe ndogo au isiwepo kabisa. Watoto wanaofika katika chumba cha upasuaji wa moyo si kielelezo cha watoto wote wa Dar es Salaam, na tasnifu ikiri hivyo katika sura ya mbinu.

Hatua ya pili: kutoka chumba cha upasuaji hadi tyubu

Tishu iwekwe mara moja katika kimiminika cha kulelea seli kiitwacho RPMI chenye seramu ya ndama ya asilimia 10, kilichopozwa, ndani ya chombo kisicho na vijidudu, nacho kiwekwe juu ya barafu bila tishu kugusa barafu moja kwa moja. Katika joto la jiji hili, ambalo mara nyingi hupita nyuzi 30, dakika za kusubiri kwenye korido zina uzito. Kama maabara yako iko Upanga, mtu atembee na chombo. Kama iko Mloganzila, panga gari mapema na ukumbuke foleni ya Barabara ya Morogoro. Lengo ni kuanza kazi ndani ya saa chache, kwa kuwa seli za thaimasi hufa zenyewe upesi zinapoondolewa katika mazingira yake.

Weka tishu katika sahani, ondoa mafuta na damu iliyoganda, ikate vipande vidogo, kisha isukume taratibu kwa kitako cha bomba la sindano kupitia chujio la maikromita 70. Usitumie vimeng'enya kama tripsini katika hatua hii. Vimeng'enya hivyo hunyoa vipokezi kutoka juu ya utando, na hakuna programu ya kompyuta itakayovirudisha. Vinahitajika pale tu unapotafuta seli za epitheliamu zilizoshikamana na tishu.

Osha seli katika sentrifuji kwa nguvu ya takribani mara 300 hadi 400 ya mvutano wa dunia (300 hadi 400 g) kwa dakika tano, kisha zihesabu kwa rangi ya bluu ya tripani. Gramu moja ya thaimasi ya mtoto huweza kutoa mamia ya mamilioni ya seli, kwa hiyo upungufu wa seli kwa jumla si tatizo. Tatizo ni uchache wa zile za mwanzo. Kama pia unatumia damu ya mtoto huyo kwa ulinganisho, kumbuka kwamba seli nyekundu za mtu mwenye sikoseli, na za mtoto mchanga, hukataa kupasuka kwa urahisi zinapowekwa kwenye kimiminika cha kuzipasua. Ongeza muda kidogo na uhakikishe kwa darubini kabla ya kuendelea.

Hatua ya tatu: kuchagua kingamwili na rangi zake

Seti ndogo kabisa inayofaa kwa thaimasi ya binadamu ina CD34, CD1a, CD4, CD8 na CD3, pamoja na rangi ya kutambua seli zilizokufa. Mashine yako ikiwa na nafasi zaidi, ongeza CD69 na CD45RA kwa ajili ya hatua za mwisho, na kingamwili dhidi ya CD19, CD14 na CD56 katika rangi moja ili kuondoa seli zisizo za ukoo wa T. Usiache CD3 kwa sababu ya kubana matumizi. Bila CD3, geti (mpaka unaochorwa kwenye grafu ya saitomita ili kuchagua kundi la seli) la CD4 bila CD8 huchanganya seli changa ambazo hazijapata kipokezi na seli zilizokomaa zinazojiandaa kuondoka, na jeni utakazopima katika mchanganyiko huo hazitakuwa na maana yoyote.

Kanuni ya kugawa rangi ni kumpa kipokezi adimu rangi yenye mwanga mkali na kipokezi kilicho tele rangi hafifu. CD34 ipewe PE, ambayo ni rangi kali. CD4 na CD8 zinaweza kuvumilia rangi hafifu kama FITC au PerCP. CD3 inahitaji rangi nzuri pia, kwa sababu kinachotafutwa ni mpando wake kutoka kidogo hadi kingi, mbali na kuwepo au kutokuwepo tu.

Rangi zilizounganishwa mbili kwa pamoja, kama PE-Cy7 na APC-Cy7, huvunjika zikipigwa na mwanga au joto, na zikivunjika hutoa mwanga wa rangi ya kwanza, hivyo seli ikaonekana kuwa na kipokezi ambacho haina. Shehena iliyokaa uwanja wa ndege bila barafu, au jokofu lililozimika usiku umeme ulipokatika, linaweza kusababisha hali hiyo. Kwa mazingira yetu nashauri rangi hizi ziwe chache iwezekanavyo katika seti, na kila kichupa kipya kipimwe dhidi ya cha zamani kabla ya kukitumia kwenye sampuli ya thamani.

Kila kingamwili ijaribiwe kwa viwango kadhaa vilivyopunguzwa nusu kwa nusu, ili kupata kiwango kinachotenganisha vizuri seli chanya na hasi. Kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji mara nyingi ni kikubwa kuliko kinachohitajika, na kazi hii ya siku moja huokoa fedha nyingi.

Hatua ya nne: kupaka rangi

Weka seli milioni moja katika kila tyubu, katika maikrolita 100 za bafa ya PBS yenye seramu ya asilimia 2 na EDTA ya milimola 2. Kabla ya bafa hiyo, anza na rangi ya seli zilizokufa. Nyingi kati ya rangi hizi hushika protini yoyote, hivyo hupakwa katika PBS isiyo na seramu, kisha seli huoshwa. Zuia vipokezi vya Fc (vinavyoshika kingamwili kwa mkia wake bila kujali inalenga nini), ongeza mchanganyiko wa kingamwili, na acha kwa dakika 20 hadi 30 katika nyuzi 4 gizani. Baridi hapa ina kazi mbili. Inazuia seli kumeza vipokezi vilivyoshikwa na kingamwili, na inazuia kingamwili ya CD3 isiamshe seli, kwa maana kingamwili hiyo inaweza kutoa ishara ileile ambayo kipokezi hutoa, na ishara hiyo hubadilisha jeni unazotaka kuzipima. Maabara nyingi huweka azidi ya sodiamu katika bafa ili kuzuia umezaji huo. Usiiweke katika seli utakazozitenga kwa ajili ya RNA, kwa kuwa ni sumu kwa upumuaji wa seli.

Andaa tyubu zenye rangi moja moja kwa ajili ya kurekebisha mwingiliano wa rangi, tyubu isiyo na rangi, na tyubu zenye rangi zote isipokuwa moja. Aina hii ya mwisho ni ya lazima kwa CD3, CD1a na CD34, kwa sababu mipaka ya vipokezi hivyo haionekani kwa macho.

Hatua ya tano: kuweka mageti

Anza na ukubwa wa seli na wingi wa chembechembe zilizo ndani yake, ukiwa mpana kiasi. Seli za mwanzo na zile zinazogawanyika ni kubwa kuliko chanya-mbili zilizotulia, na geti finyu lililozungushwa kwenye rundo kubwa la katikati litazitupa zile hasa unazozitafuta. Ondoa seli zilizoshikana kwa kulinganisha eneo na kimo cha mwale, kisha ondoa zilizokufa. Seli moja ya CD4 iliyoshikana na moja ya CD8 huonekana kama chanya-mbili yenye CD3 nyingi, kwa hiyo hatua hii isirukwe.

Baada ya hapo tazama CD34 dhidi ya CD1a. Utaona rundo dogo la CD34 bila CD1a, na mkia unaoelekea CD34 pamoja na CD1a. Kwa kawaida seli zote za CD34 ni takribani asilimia moja ya seli za thaimasi au pungufu. Maana yake ni kwamba ukikusanya matukio 10,000 (kila seli inayopita kwenye mashine ni tukio moja), kama ilivyo desturi katika vipimo vingi, utabaki na seli mia moja hivi za kugawanya katika makundi mawili. Kusanya matukio laki kadhaa, ikiwezekana zaidi ya milioni moja.

Katika seli zisizo na CD34, chora CD4 dhidi ya CD8, kisha tazama CD3 ndani ya kila pembe. Pembe ya CD4 peke yake igawe mara mbili: isiyo na CD3 ni changa, yenye CD3 nyingi imekomaa. Pembe ya chanya-mbili igawe kwa CD3 na CD69: wengi wana CD3 kidogo, na wachache wenye CD3 iliyopanda na CD69 ndio waliotoka kupokea ishara ya usaili. Kundi hili dogo ni la thamani kubwa kuliko wingi wake unavyodokeza, kwa sababu linakamata seli wakati uamuzi unafanyika.

Kuna eneo moja linalopotosha watafiti wengi, nalo ni seli zenye CD4 nyingi na CD8 iliyofifia. Mazoea ni kuziita seli zinazoelekea CD4. Kwa panya imeonyeshwa kwamba chanya-mbili iliyopokea ishara huzima kwanza jeni ya CD8 hata kama hatima yake ni CD8, kisha huiwasha tena baadaye. Kundi hilo lina wasafiri wa njia zote mbili, na kipokezi peke yake hakitakuambia nani anakwenda wapi. ZBTB7B na RUNX3 zitakusaidia.

Hatua ya sita: kutenga seli na kuokoa RNA

Ukipima jeni katika thaimasi nzima bila kutenga, utakuwa umepima chanya-mbili na kuzipa jina la thaimasi. Kama mashine ya kutenga seli ipo, elekeza kila kundi moja kwa moja katika bafa ya kuvunja seli yenye guanidini, kemikali inayozuia RNA isiharibike. Kama haipo, tumia shanga za sumaku: vuta kwanza CD34, kisha tumia seti za kuondoa makundi yasiyotakiwa, na kila mara rudisha sehemu ya seli kwenye saitomita ili kuandika usafi wake. Kundi lenye usafi wa asilimia 80 linaweza kutumika, ilimradi asilimia hiyo iandikwe na matokeo yasomwe kwa kuizingatia.

Lenga seli 50,000 au zaidi kwa kila kundi linaloziruhusu, kwa kuwa chanya-mbili zilizotulia ni ndogo na zina RNA kidogo kwa kila seli. Kwa makundi adimu, seli elfu chache zinatosha ukitumia vifaa vilivyotengenezwa kwa kiasi kidogo. Usichanganye seli za watoto wawili ili kufikia idadi. Ulinganisho wenye nguvu katika kazi hii ni wa makundi ndani ya mtoto mmoja, kisha watoto kadhaa wakafuatana.

Seli zilizovunjwa katika guanidini zihifadhiwe katika nyuzi 80 chini ya sifuri, katika friza iliyounganishwa na jenereta. Gawa kila sampuli katika tyubu mbili na uziweke katika friza mbili tofauti kama inawezekana.

Hatua ya saba: kupima jeni

Baada ya kutoa RNA, pima uwiano wa 260 kwa 280, ambao kwa RNA safi hukaribia 2.0, kisha itibu RNA kwa kimeng'enya cha kuondoa DNA. Kwa jeni nyingi hatua hiyo ni tahadhari tu, kwa sababu praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR, mbinu ya kuzidisha DNA) zinaweza kupangwa kuvuka mpaka wa ekisoni, yaani vipande vya jeni vinavyobaki katika RNA. Kwa RAG1 na RAG2 ni sharti lisilokwepeka. Sehemu ya jeni hizo inayotengeneza protini iko yote ndani ya ekisoni moja, kwa hiyo praima zilizowekwa humo zitazidisha DNA ya kawaida ya seli sawasawa na RNA, na seli yoyote, hata ya ini, itaonekana kuwa na RAG. Endesha kila mara sampuli isiyo na kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA; ikitoa ishara, usiendelee.

Jeni za kulinganishia zichaguliwe kwa kuijua tishu. Maabara nyingi hutumia B2M kwa mazoea. Protini yake hushikamana na HLA ya daraja la kwanza, ambayo ni hafifu katika seli za gamba la thaimasi na hupanda seli zinapokomaa, kwa hiyo B2M yenyewe hubadilika katika safari unayoipima. Jaribu ABL1, TBP na HPRT1, kisha tumia angalau mbili ambazo hazitikisiki katika makundi yako.

Hakikisha ufanisi wa praima kwa mfululizo wa sampuli zilizopunguzwa mara kumi. Mteremko wa -3.32 una maana ya ufanisi wa asilimia 100, na kati ya asilimia 90 na 110 hukubalika. Hesabu yenyewe ni rahisi. Tuseme katika chanya-mbili Ct ya RAG1 (mzunguko wa PCR ambapo ishara huanza kuonekana) ni 24 na ya jeni ya kulinganishia ni 20, tofauti ikiwa 4. Na katika CD4 zilizokomaa ni 31 na 20, tofauti ikiwa 11. Pengo ni 7, na 2 kwa kipeo cha 7 ni 128, kwa hiyo RAG1 katika chanya-mbili ni mara 128 ya ile ya seli zilizokomaa.

Kwa seti ya kuanzia, pima SPI1 na LYL1 kwa hali ya mwanzo. GATA3, TCF7 na BCL11B kwa kuingia ukoo wa T. PTCRA na RAG1 kwa mnyororo wa beta. RORC kwa chanya-mbili. ZBTB7B na RUNX3 kwa mgawanyiko. Na KLF2 na S1PR1 kwa kuondoka.

Hatua ya nane: kuwasikiliza mashahidi wawili kwa pamoja

Panga makundi kwa mstari kutoka CD34 bila CD1a hadi seli zilizokomaa, na chini ya kila kundi andika wastani wa mwanga wa kila kipokezi na kiasi cha kila jeni. Mahali pa kwanza pa kukagua ni RAG1. Inapaswa kupanda kabla ya chanya-mbili, na kupanda tena ndani yake. Bonde la katikati huonekana tu kama umefaulu kutenga seli zinazogawanyika baada ya mnyororo wa beta. Lisipoonekana, tazama upya mageti kabla ya kutilia shaka elimu iliyopo.

Mahali pa pili ni CD3. RNA ya CD3E huonekana katika seli ambazo CD3 yake juu ya utando ni sifuri, na hapo hakuna kosa. Protini ya CD3 imo ndani ya saitoplazimu, lakini haipandi juu mpaka ipate mnyororo wa kipokezi wa kushikamana nao. Ukitaka kuthibitisha, toboa utando wa sehemu ya seli na upake CD3 ya ndani. Zile zilizokuwa hasi kwa nje zitang'aa. Kipimo hiki hutumika pia kila siku katika kutambua saratani ya damu ya ukoo wa T, ambako seli hukwama katika rika mojawapo la safari hii.

Mahali pa tatu pana hila zaidi. RNA ya eneo lisilobadilika la mnyororo wa beta, TRBC, na la alfa, TRAC, hunakiliwa hata kabla DNA haijapangwa upya. Kuiona RNA hiyo hakuthibitishi kwamba seli ina kipokezi kamili, na ni lazima praima ianzie eneo la V (lile linalotofautiana kati ya kipokezi na kipokezi) ili uhakika upatikane. Vivyo hivyo kwa RAG2: protini yake huharibiwa kila seli inapoingia kunakili DNA, hata kama RNA bado ipo, na kwa njia hiyo seli hujilinda isikate DNA yake ikiwa katikati ya kugawanyika. RNA nyingi ya RAG2 katika seli zinazogawanyika haina maana kwamba ukataji unaendelea.

Kinyume chake hutokea mwishoni mwa safari. Seli zilizoacha rika la chanya-mbili zimezima RAG na RORC, lakini baadhi ya protini za juu, kama CD1a, hufifia polepole kuliko RNA zake. Ukiona CD4 zenye CD3 nyingi na CD1a kidogo, usizitupe kama uchafu wa geti. Ni vijana waliovuka mpaka karibuni, na jeni zao zikipimwa peke yao zitaonyesha KLF2 ikiwa inaanza tu kupanda.

Hatua ya tisa: kuunganisha na damu

Ukiwa na damu ya mtoto yuleyule, tafuta ndani yake seli za CD4 zenye CD45RA na CD31, kwani ndizo zilizo karibu zaidi na zile zilizotoka thaimasi hivi karibuni. Katika DNA yake pima TREC, yaani pete ndogo za DNA zinazobaki baada ya mnyororo wa alfa kupangwa. Pete hizi hazinakiliwi seli inapogawanyika, kwa hiyo hupungua kadiri seli zinavyoongezeka nje ya tezi, na wingi wake hueleza ni kwa kiasi gani thaimasi bado inazalisha. Kipimo hichohicho, kwa tone la damu ya kisigino, hutumika katika nchi kadhaa kuwatambua watoto wachanga wasio na seli T kabisa, na jimbo la Wisconsin nchini Marekani lilianza kukitumia kwa watoto wote mwaka 2008.

Vipokezi husaidia kukisia jeni iliyoharibika kwa watoto hao. Kukosekana kwa seli T na NK huku seli B zikiwepo huelekeza kwenye IL2RG au JAK3. Kukosekana kwa T peke yake huelekeza kwenye IL7R. Kukosekana kwa T na B huku NK zikiwepo huelekeza kwenye RAG1 au RAG2, kwa kuwa seli B nazo huhitaji ukataji uleule ili kupata kipokezi chake. Mtaalamu anayeweza kupaka CD3, CD19 na CD56 katika tyubu moja tayari anaweza kumpa daktari wa watoto mwelekeo huo siku hiyohiyo. Matokeo yakielekea huko, daktari ajulishwe kwa simu bila kungoja ripoti ya maandishi, kwa sababu chanjo ya BCG, ambayo hapa nchini hutolewa mara mtoto anapozaliwa, ni ya bakteria walio hai, na mtoto asiye na seli T anaweza kuugua kwayo. Aliyekwisha kuipata anahitaji kuangaliwa kwa karibu tangu siku hiyo.